Sura ya Sita: Mizani ya Hewa

Mkulima wa kahawa wa Meru hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Babu yake alibeba gunia la buni kutoka Nkoaranga au Akheri hadi chamani, akalitua, akakodolea macho mshale unavyopanda. Kilo aliziona mwenyewe. Bei hakuiona, maana ilipangwa mnadani Moshi, na nyuma ya Moshi kulikuwa na soko la New York ambako kahawa ya arabika hutajiwa bei kila siku na watu wasiowahi kushika jembe. Kitu pekee alichoweza kukisimamia kwa macho yake kilikuwa ule mshale. Ndiyo maana mizani ilipochezewa, chama kizima kiliwaka moto.

Leo Wameru, Waarusha na jirani zao Wamaasai wanaletewa zao jipya la kuuza, nalo halijazwi guniani. Ni hewa ukaa ambayo haikupanda angani: moshi uliozuiwa, mti usiokatwa, samadi iliyotoa gesi ya kupikia badala ya kuozea nyuma ya banda. Wanunuzi wako Ulaya, Marekani na Ghuba. Mikataba inakuja, mingine ya miaka 40. Na pamoja na fedha inakuja ahadi ya pili, kwamba biashara hii italeta teknolojia safi kwa nchi zisizo nayo.

Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba ahadi zote mbili, ya fedha na ya teknolojia, zinasimama juu ya jambo moja, nalo ni nani anayeshika mizani. Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500 na historia ndefu kuliko kimo chake, una mifano ya kutosha kutufundisha.

Namna hewa inavyouzwa

Biashara hii ilipata sheria zake za kwanza mwaka 1997, mataifa yalipokubaliana huko Kyoto, Japani, kwamba nchi tajiri zipunguze gesi zinazopasha dunia joto. Itifaki hiyo ilianza kutumika 2005. Ndani yake ulikuwemo mlango mmoja ulioitwa Mpango wa Maendeleo Safi. Kiwanda cha Ulaya kilichoona ni ghali kupunguza moshi wake kiliruhusiwa kulipia upunguzaji mahali pengine, kwenye nchi inayoendelea, kisha kikahesabiwa kana kwamba kimepunguza chenyewe. Tani moja ya kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, iliyozuiwa ilizaa hati moja ya kaboni. Gesi nyingine hubadilishwa kuwa kaboni dayoksaidi kwa hesabu. Tani moja ya methani, kwa mfano, hupasha dunia joto karibu mara 28 ya tani moja ya kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100.

Mpango ulikuwa na nia nzuri mbili, kupunguza gharama kwa tajiri na kuleta maendeleo kwa maskini. Miradi mingi ikaenda China, India na Brazili, penye viwanda vikubwa vyenye moshi mwingi wa kupunguza. Afrika nzima iliambulia chini ya miradi 3 katika kila 100. Tanzania ilipata michache ya kuhesabu kwa vidole, unaojulikana zaidi ukiwa ule wa gesi ya dampo la Mtoni, Dar es Salaam. Soko linalolipa kwa tani humtafuta mwenye tani nyingi, na kijiji kinachopikia kuni tatu chini ya chungu hakina moshi wa kushindana na kiwanda cha saruji.

Kisha bei ikaanguka. Hati iliyouzwa zaidi ya euro 20 mwaka 2008 ilikuwa haifiki euro moja ilipokwisha 2012. Ulaya ilikuwa na hati nyingi kuliko mahitaji, na uchumi wake ulikuwa umeyumba. Mkulima wa Meru akisikia habari hiyo hashangai, kwani ameiona kwenye kahawa zaidi ya mara moja.

Makubaliano ya Paris ya 2015 yalifungua mlango mpya kupitia Ibara ya 6, ambayo kanuni zake zilikamilika kwa awamu, Glasgow 2021 na Baku 2024. Kando yake kuna soko la hiari, ambako kampuni hununua hati bila kulazimishwa na serikali, ili ziseme mbele ya wateja kwamba zimefidia moshi wao. Sehemu kubwa ya miradi ya Afrika Mashariki inauza huko.

Masoko yote haya yanasimama juu ya swali moja: mradi usingekuwepo, ingekuwaje? Kinachouzwa ni tofauti kati ya hali iliyopo na hali ambayo ingekuwepo. Hali iliyopo inaweza kupimwa. Ile ambayo ingekuwepo hakuna aliyewahi kuiona, hukadiriwa mezani. Kwa hiyo kwenye biashara ya hewa mizani ina sahani mbili, na sahani moja daima iko gizani. Anayeijaza sahani hiyo ndiye anayeamua zao lina uzito gani.

Kuba la Arusha

Sasa tupande mlimani. Ukitoka Tengeru kuelekea juu, barabara ya vumbi la volkano inaingia kwenye migomba na kahawa, na nyumba zinajificha nyuma ya miti. Ng'ombe wa maziwa hawatoki. Wanalishwa bandani majani ya tembo na vipande vya migomba. Kwenye baadhi ya nyumba hizi utaona nyuma ya banda kisima kifupi cha saruji, kimo cha goti. Asubuhi mama wa nyumba anasukumia humo samadi ya usiku, anaongeza maji kiasi kilekile, anavuruga kwa mti mpaka mabonge yaishe, kisha anazibua tundu la chini. Uji ule unateremka kwenye bomba na kutoweka ardhini. Ukiangalia, hakuna kingine cha kuona ila mfuniko mdogo wa saruji na bomba jembamba linaloelekea jikoni. Jikoni anafungua koki, anawasha kiberiti, na moto wa buluu unashika chini ya sufuria ya maziwa. Hakuna moshi. Paa la ndani halina masizi mapya.

Chini ya miguu yake kuna kuba la matofali. Vijidudu vinavyoishi pasipo hewa vinaila samadi na kutoa gesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Gesi ikijaa juu ya kuba inaisukuma samadi ipande kwenye chumba cha pembeni. Koki ikifunguliwa, uzito wa samadi hiyo unarudi na kuisukuma gesi jikoni. Hakuna pampu, injini wala kipuri kinachozunguka. Masalia yanayotoka upande wa pili hayanuki kama samadi mbichi wala hayavuti inzi, nayo hubebwa kwa ndoo hadi kwenye migomba.

Mtambo huu una historia, na historia hiyo ni ya Arusha. Mwaka 1975 Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kujenga Tanzania mitambo ya muundo wa Kihindi yenye ngoma ya chuma inayoelea juu ya samadi. Ngoma ile ilikuwa ghali na ilishika kutu. Muundo mwingine, kuba la Kichina lisilo na chuma, ulikuwa rahisi zaidi lakini ulihitaji mkono wa uhakika, kwa sababu ufa mwembamba kama unywele unatosha kuivujisha gesi yote.

Mwaka 1981 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini, CAMARTEC, chenye makao Arusha. Kituo kiliunganisha taasisi mbili zilizokuwepo, ya kupima mashine za kilimo na ya teknolojia rahisi ya vijijini. Miaka ile ya 1980, kwa ushirikiano na Wajerumani, wahandisi na mafundi wa kituo walilichukua kuba la Kichina wakalitazama upya. Waliona kwamba nyufa nyingi huanzia chini, uzito unapoelemea, kisha zinapanda hadi penye gesi. Wakabuni pete mbili. Pete dhaifu ya udongo wa saruji hafifu ilipangwa mahali ambapo ufa ungeishia. Juu yake iliwekwa pete imara inayoshikilia sehemu ya juu, ili kuba la gesi libaki zima hata kama chini kumepasuka. Wakaunganisha pia banda na mtambo, ili sakafu ya banda yenyewe iteremshie samadi na mkojo kwenye kisima. Kitabu kilichoeleza muundo huo kilichapishwa Ujerumani mwaka 1991, na kati ya waandishi wake watatu alikuwepo Mtanzania, Ainea Kimaro.

Ukimtazama fundi akilijenga utaelewa kwa nini kitabu peke yake hakitoshi. Anapigilia kigingi katikati ya shimo na kufunga kijiti cha urefu maalumu. Kila tofali linapotaka kulazwa, ncha ya kijiti inaligusa kwanza, ili umbali kutoka katikati uwe uleule kuanzia tofali la kwanza mpaka la mwisho juu kabisa. Hakuna ubao wa kulishikilia. Kila duara likifunga linajishikilia lenyewe. Kisha anaingia ndani na kupiga lipu tabaka baada ya tabaka, akisugua mpaka ukuta ung'ae. Akikosea hapo, mama wa nyumba atavuruga samadi miaka yote bila kuona moto.

Muundo wa Arusha uliondoka Arusha. Mwaka 2009, mpango wa biogesi wa Afrika uliofadhiliwa na Uholanzi ulipoanza katika Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Burkina Faso, CAMARTEC ndiyo iliyopewa kuusimamia Tanzania. Kuba lake, likiwa na marekebisho, lilijengwa Uganda na Kenya pia.

Huu ndio mfano wangu wa kwanza. Wazo lilitoka China. Fedha na baadhi ya wahandisi walitoka Ujerumani. Lakini teknolojia ilihamia kweli pale tu mafundi wa hapa walipopewa nafasi ya kuuliza kwa nini inapasuka, na ruhusa ya kuibadilisha. Mashine inayoletwa ikiwa imefungwa, na anayeifungua akapoteza dhamana, ni bidhaa iliyouzwa, hata kama kwenye mikutano ya kimataifa inaitwa uhamishaji wa teknolojia.

Hesabu ya jiko moja

Turudi jikoni tupige hesabu. Nitatumia namba za mfano ili njia ionekane. Tuseme mtambo mmoja unazuia tani 4 kwa mwaka, ukijumlisha kuni zilizoachwa na methani ya samadi iliyochomwa badala ya kupaa. Tuseme hati inauzwa dola 5. Hiyo ni dola 20 kwa mwaka, kama shilingi 50,000. Kabla hazijafika kijijini, kuna wa kulipwa: mtu wa kuandika mradi, mkaguzi wa nje, daftari la hati na dalali. Mama akigawiwa kinachobaki, atanunua sukari na sabuni.

Chukua sasa mitambo 1,000 na uiweke fungu moja. Dola 20,000 kwa mwaka, hata zikikatwa nusu, zinaweza kuwalipa mafundi wa kuzunguka, mmoja Poli, mwingine Usa River, mwingine upande wa Waarusha, kazi yao ikiwa kubadilisha koki, kuziba bomba, kufungua mtambo ulioziba. Mitambo mingi ya biogesi Afrika haikufa kwa kukosa samadi. Ilikufa kwa kukosa bomba la shilingi elfu chache na mtu wa kulifunga. Ndiyo maana nasema fedha ya kaboni ikigawiwa nyumba kwa nyumba inapotea, na ikikusanywa kumlipa fundi inadumu.

Majiko ya kuni sanifu yana hesabu ya namna hiyo pia, na ni huko ambako sahani ya gizani ilijazwa kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wa miradi ya majiko kutoka nchi mbalimbali. Waligundua kwamba hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji halisi karibu mara 9. Sababu zinaeleweka na yeyote anayepika. Miradi ilidhani kila aliyepewa jiko jipya ameyaacha mafiga, wakati nyumba nyingi hutumia yote mawili, jiko kwa chai na mafiga kwa makande. Ilidhani pia kwamba karibu kuni zote zinatoka kwenye misitu inayoisha. Lakini mama wa Meru anayepogoa matawi ya mgrivea shambani kwake hamalizi msitu. Tawi litaota tena. Ukiandika kwamba kuni zake zote ni msitu uliokufa, umeuza tani ambazo hazikuwepo.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Habari kama hizo zilipoenea, wanunuzi walirudi nyuma, na mradi uliopima kwa uaminifu ukaadhibiwa pamoja na ule uliodanganya. Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, unaotaka Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Serikali imeagiza pia taasisi kubwa, shule na magereza zikiwemo, ziache kuni na mkaa. Fedha ya kaboni itatafutwa kwa nguvu katika kazi hiyo. Tukipima kwa kupunja ukweli, tutakuwa tumeichafua mizani yetu kabla hatujaanza kuuza.

Maji ya Chai

Mbele kidogo ya Tengeru, kwenye barabara ya Moshi, kuna mahali panaitwa Maji ya Chai. Jina linatokana na rangi ya maji. Miamba ya volkano ya Meru huachia madini ya floraidi, na kwenye chemchemi na mito kadhaa ya mlima huu kiasi chake kinapita mara nyingi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo ndiyo yanayowapa watu wengi wa huku meno ya rangi ya kahawia, na waliozidiwa tangu utotoni miguu hupinda.

Mwaka 2011, magharibi mwa Kenya, kampuni moja ya Ulaya iligawa bure vichujio vya maji karibu laki 9 kwa mpango wa kurudisha gharama kwa kuuza hati za kaboni. Hoja ilikuwa kwamba mwenye kichujio hachemshi maji, hivyo hachomi kuni. Wakosoaji wakauliza swali rahisi: wangapi kati yao walikuwa wakichemsha maji? Kanuni ziliruhusu kuhesabu hata kuni ambazo mtu angechoma kama angekuwa na uwezo wa kuchemsha.

Vichujio vile viliondoa vijidudu, na hilo ni jema. Lakini kipandishe Meru kichujio cha kuondoa vijidudu, na floraidi itapita kana kwamba hakipo. Ukiyachemsha maji hayo ndiyo unazidisha, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Tatizo la mlima huu lilihitaji mtu anayeujua mlima huu. Kituo cha Ngurdoto kilitumia miaka mingi kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza kichujio kinachochanganya mchanga na chembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000.

Tazama tofauti. Mradi wa laki 9 uliongozwa na swali la soko: ni kifaa gani kitazaa tani nyingi? Kichujio cha Tengeru kiliongozwa na swali la kisima: maji haya yana nini? Soko la kaboni haliulizi swali la pili. Ni wajibu wetu kuliuliza kabla ya kupokea kifaa chochote, hata cha bure.

Ardhi kwanza

Kuba la biogesi liko uani kwa mtu, na hakuna anayebisha ni la nani. Msitu na malisho ni jambo jingine. Mnunuzi wa kaboni ya msitu au ya udongo wa malisho ananunua ahadi kwamba ardhi itatumika kwa namna fulani kwa miongo kadhaa. Asiye na hati ya ardhi hawezi kutoa ahadi hiyo; itatolewa na mwingine kwa niaba yake.

Wameru wanaijua hali hiyo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi iwe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Mipango ilikuwa imeandaliwa kitaalamu, kwa ramani na ripoti, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa isipokuwa ridhaa ya wenyewe. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, akifuatana na wakili Earle Seaton wa Bermuda, kwenda New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama pale kudai haki. Umoja wa Mataifa haukuirudisha ardhi, lakini kesi hiyo iliamsha Tanganyika nzima, na miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa.

Leo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu jamii kupewa kwa pamoja Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati hiyo kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team, shirika lenye makao Arusha. Mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, mzaliwa wa Simanjiro, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya kuzipatia jamii hati. Baada ya hati ya ardhi ndipo ikaja hati ya kaboni. Kampuni ya Carbon Tanzania, nayo ya Arusha, ikafungua pamoja nao mradi wa kuuza kaboni ya misitu yao. Vijana wa Kihadzabe wanalinda mipaka, na mapato yanalipia walinzi, matibabu na masomo. Mpangilio wa hatua ndio fundisho, kwani ardhi ilitangulia, mpango wa matumizi ukafuata, na soko likaja mwisho.

Pale mpangilio unapogeuzwa, ugomvi haukawii. Katika wilaya za Longido na Monduli, kwenye nyanda zinazotazamana na Meru, miradi ya kaboni ya udongo imepelekwa vijijini kwa mikataba ya miaka 40, mmoja ukipata fedha kutoka ubia wa kampuni ya magari ya Volkswagen. Mashirika ya Wamaasai yalilalamika kwamba wafugaji hawakuelezwa vya kutosha, na yakaomba miradi isimamishwe kwanza. Wafugaji wanahofia kwamba ratiba ya malisho iliyoandikwa ofisini itawafunga mwaka wa ukame, wakati uhai wa ng'ombe uko katika kuhama. Nchini Kenya, Januari 2025, mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa kinyume cha katiba, moja yao ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo uliokuwa umekwisha kuuza hati kwa kampuni za kimataifa.

Mizani mikononi mwetu

Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kipo Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni. Hatua hizi ni za maana, kwa sababu taifa lisilo na vipimo vyake hulazimika kukubali vya mnunuzi. Lakini kituo kilichopo Morogoro hakimtoshi mwanakijiji wa Meru. Mizani lazima ishuke mpaka kijijini, na inawezekana.

Kupima kaboni ya mti hakuanzi kwenye setilaiti. Kunaanza kwa utepe. Kijana anasimama upande wa juu wa mteremko, anapima mita 1.3 kutoka ardhini, karibu na kifua chake, anauzungushia mti utepe na kusoma namba. Mwenzake anaandika namba na aina ya mti. Namba hizo, zikiingizwa kwenye kanuni ya hesabu iliyotafitiwa kwa miti ya aina hiyo, zinatoa kilo za kaboni. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifanya kazi hii, kuirudia mwakani, na kumwonyesha mkaguzi wa nje pale alipokosea. Kijiji chenye daftari lake hakiambiwi uzito, kinalinganisha.

Azimio lililotangazwa mjini Arusha mwaka 1967 lilisisitiza kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Wengi wamelikosoa Azimio kwa mengi, lakini kwenye soko la kaboni fundisho hilo limebaki kweli. Fedha ya hewa inaweza kupanda na kuanguka kama ilivyoanguka 2012. Fundi anayejua pete dhaifu inapokaa, kijana mwenye utepe na kijiji chenye hati hawaanguki na bei.

Kwa hiyo, msomaji, kama kijijini kwako kumekuja wageni wenye mkataba wa kaboni, usiwafukuze, wala usiwakubalie kwa haraka. Dai mkataba uletwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kifungu kwa kifungu, wanawake wakiwepo, maana wao ndio wapikaji na wachota maji. Ulizeni ardhi imeandikwa kwa jina la nani. Ulizeni nani atapima, kwa kanuni gani, na kama nakala ya vipimo itabaki kijijini. Ulizeni mkataba utaisha lini, na mtoto aliyezaliwa leo atakuwa na miaka mingapi siku hiyo. Ulizeni kifaa kikiharibika ni nani wa hapa atakayekifungua. Pasipo na jibu la wazi kwa hata moja ya hayo, msitie sahihi.